Pazia na kufuli: folda zilizofichwa na zilizolindwa ndani ya kompyuta yako

Hesabu za diski C mara nyingi hazilingani. Unaifungua, unachagua folda zote zinazoonekana, unabofya kulia kuangalia ukubwa wake, unaambiwa GB 150. Unaangalia diski yenyewe, unaambiwa zimetumika GB 190. GB 40 zimeyeyuka. (Hizi usizichanganye na zile zinazoonekana kupungua siku diski ikiwa mpya: diski ya GB 256 husomeka kama GB 238 kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa 1000 na Windows huhesabu kwa 1024. Hapo hakuna kilichofichwa.)

GB hizo zipo, ila zimo ndani ya vitu ambavyo Windows haikuonyeshi, na vingine ambavyo hata ukiviona haikuruhusu kuvipima. Kufichwa na kulindwa ni mambo mawili. Kufichwa ni pazia, kulindwa ni kufuli. Pazia unalifunua saa yoyote, unachungulia, unalirudisha, na hakuna kinachoharibika. Kufuli lina mwenyewe, na anayelivunja akidhani anafunua pazia ndiye anayekuja kulalamika wiki ya pili kwamba masasisho hayaingii na programu hazifunguki.

Mapazia ni mawili

Kila faili na kila folda kwenye Windows hubeba alama ndogo zilizorithiwa tangu enzi za DOS. Mbili zinatuhusu: H, yaani kimefichwa, na S, yaani ni mali ya mfumo. Chenye H peke yake kiko nyuma ya pazia jepesi. Chenye H na S kwa pamoja kiko nyuma ya pazia la pili, lililo zito zaidi, na swichi yake iko mahali pengine kabisa. Ndiyo maana mtu anawasha kuonyesha vilivyofichwa, anaona AppData na ProgramData, anadhani kaona vyote, kumbe nusu ya mambo bado iko gizani.

Pazia la kwanza kwenye Windows 11: fungua File Explorer, bofya "View", kisha "Show", kisha "Hidden items". Kwenye Windows 10, nenda kichupo cha "View" uweke tiki penye "Hidden items". Vilivyokuwa vimefichwa vitatokea vikiwa na rangi iliyofifia.

Pazia la pili: bofya "Options" (kwenye Windows 11 iko nyuma ya vile vinukta vitatu), nenda kichupo cha "View", shuka mpaka "Hide protected operating system files" na uondoe tiki. Utaonywa, kubali. Papo hapo utaona vifaili viwili vinavyoitwa desktop.ini vimejitokeza kwenye eneokazi. Si kirusi. Kimoja ni cha folda yako ya Desktop, kingine ni cha C:\Users\Public\Desktop, ambayo vilivyomo huonekana kwa kila mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo. Eneokazi ulilolizoea kumbe ni folda mbili zilizolaliana. Ukimaliza uchunguzi wako rudisha tiki ile. Kuishi na pazia hilo likiwa wazi ni kujitafutia kufuta kitu kwa bahati mbaya.

Kama hutaki kugusa mipangilio yoyote, fungua dirisha la amri (tafuta cmd kwenye menyu ya kuanzia) na uandike:

dir C:\ /a

Utaorodheshewa kila kitu, kilichofichwa na kisichofichwa.

Nini kimekaa nyuma ya pazia

Anza na mafaili mawili makubwa, kwa sababu hapo ndipo nafasi nyingi inapoliwa. La kwanza ni hiberfil.sys. Ndani yake Windows humwaga yaliyomo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) pale kompyuta inapolala usingizi mzito, na hulitumia pia kuharakisha kuwaka asubuhi. Kwa kawaida hutengewa asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo mwenye RAM ya GB 16 anapoteza kama GB 6.4. Huwezi kulifuta kwa mkono wala huna haja. Tafuta cmd kwenye menyu ya kuanzia, bofya kulia, ifungue kama msimamizi, kisha andika:

powercfg /h /type reduced

Faili litashuka hadi asilimia 20. Kuwaka haraka kutabaki, usingizi mzito utaondoka. Ukiandika powercfg /h off faili linatoweka kabisa pamoja na huduma zote mbili, na ukibadili mawazo powercfg /h on hulirudisha.

La pili ni pagefile.sys, ambalo ni mahali RAM inapoazima nafasi inapobanwa. Hili liache Windows ilisimamie yenyewe. Wanaolizima ili kuokoa GB chache hukuta programu zinajifunga ghafla siku RAM inapojaa, na mfumo ukianguka hakuna pa kuandika ripoti ya kilichouangusha.

Kisha kuna System Volume Information, ambayo ndiyo jibu la mafumbo mengi ya GB zilizopotea. Humo hukaa picha za hali ya mfumo ambazo Windows hupiga kabla ya mabadiliko makubwa ili uweze kurudi nyuma mambo yakiharibika. Ukiipima kwa kubofya kulia unaambiwa ni baiti 0, si kwa kuwa ni tupu bali kwa kuwa akaunti yako hairuhusiwi kuhesabu vilivyomo. Kipimo cha kweli unakipata kwenye dirisha la amri la msimamizi:

vssadmin list shadowstorage

Utapewa nafasi iliyotumika, iliyotengwa, na kikomo. Ukiona ni nyingi, usihangaike na folda. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda "System Protection", chagua diski C, bofya "Configure", na uvute kitelezi cha kikomo kushoto. Windows itaondoa picha za zamani zaidi yenyewe.

$Recycle.Bin inastahili kutazamwa kwa karibu, maana inaonyesha vizuri jinsi Windows inavyofikiri. Ndani yake kila akaunti ina folda yake, na jina la folda si jina la mtu bali ni namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Unapofuta picha.jpg, faili halihami kwa jina lake. Hugeuzwa kuwa mawili: moja linaloanza na $R, ambalo ndilo picha yenyewe, na jingine dogo linaloanza na $I, lenye rekodi ya faili lilikotoka, ukubwa wake na saa lilipofutwa. Herufi zinazofuata ni zile zile kwa yote mawili, ndizo zinazoyaunganisha. Ukirejesha picha, Windows husoma $I ili ijue irudishe wapi. Hizo rekodi zikivurugika unapata ujumbe kwamba pipa la taka limeharibika. Dawa ni kufuta folda yote kwa amri hii, kama msimamizi:

rd /s /q C:\$Recycle.Bin

Windows itaunda nyingine mpya. Kumbuka tu kwamba kila kilichokuwa kwenye pipa, cha watumiaji wote wa diski hiyo, kimeondoka.

Halafu kuna Documents and Settings, inayowachanganya hata wazoefu. Unaibofya, unanyimwa ruhusa, ingawa wewe ni msimamizi. Sababu ni kwamba si folda. Tangu Windows Vista mafaili ya watumiaji yalihamia C:\Users, na jina la zamani likabakizwa kama kiungo tu, ili programu za kale zilizozoea njia ile zisikwame. Ukiandika dir C:\ /al utaiona imeandikwa <JUNCTION> na pembeni yake anwani inakoelekea. Imewekewa katazo la makusudi ili programu zisiorodheshe vilivyomo na kuhesabu kila kitu mara mbili. Kuna kiungo cha namna hiyo kinachoitwa Application Data ndani ya AppData\Local, na chenyewe kinaelekeza pale pale kilipo. Programu ya nakala rudufu isiyojua viungo ikiingia humo itazunguka Application Data\Application Data\Application Data mpaka njia ivuke urefu unaoruhusiwa. Ukiona "nakala" yako imezidi diski uliyoinakili, anza kushuku hapo.

Folda ya AppData ndiyo yenye maana kubwa kwako wewe kama mtumiaji. Ina H peke yake, na unaifikia haraka kwa kuandika %appdata% au %localappdata% kwenye kisanduku cha anwani. Ndani yake kuna folda tatu. Roaming hubeba mipangilio inayoweza kumfuata mtumiaji kwenye mitandao ya ofisi. Local hubeba vitu vya kompyuta hii tu. LocalLow ni ya programu zinazoendeshwa kwa ruhusa finyu. ProgramData ni kitu cha aina hiyo hiyo, ila ni ya watumiaji wote.

Na kuna C:\Windows\Installer, iliyofichwa kwa H na S, ambayo hufikia GB kadhaa na kuwatamanisha watu. Yamo mafaili ya kusakinishia ya programu ulizonazo na viraka vyake. Ukiyafuta hakuna kitakachotokea leo. Siku utakapotaka kuondoa programu fulani au kuisasisha, ndipo itaomba faili la .msi ambalo halipo tena, na utakuwa na programu isiyoondoka wala kusasishika.

Hesabu nayo huweza kukosea upande wa pili. Folda ya WinSxS haijafichwa, lakini ukubwa unaoonyeshwa ni wa uongo, kwa kuwa mafaili yake mengi ni yale yale yaliyomo kwingine ndani ya Windows, faili moja lenye majina mawili, na File Explorer hulihesabu kila linapoliona. Ukubwa halisi:

Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore

Ukiambiwa usafishaji unapendekezwa, rudia amri hiyo ukiweka /StartComponentCleanup mahali pa /AnalyzeComponentStore. Kuna wanaoongeza /ResetBase. Inaokoa nafasi zaidi, lakini masasisho yaliyokwisha kuingia hutaweza kuyaondoa tena.

Kufuli

Alama za H na S hazimzuii mtu kitu. Yeyote anayejua swichi mbili zilizotajwa juu anaona kila kitu, kwa hiyo kuficha folda ya siri zako kwa kuipa H ni kumficha ngamia nyuma ya mwiba. Kinachozuia kweli ni ruhusa. Kwenye diski ya NTFS, yaani mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, kila faili lina mmiliki na orodha ya nani anaruhusiwa nini.

Mafaili ya msingi ya Windows hayamilikiwi nawe, wala na kundi la wasimamizi. Mmiliki wake ni huduma inayoitwa TrustedInstaller, inayoamka wakati wa kusakinisha vipande vya mfumo. Wasimamizi wanaruhusiwa kuyasoma na kuyaendesha tu. Hata akaunti ya SYSTEM, inayoendesha huduma nyingi za ndani, mara nyingi hapo husoma tu. Wengi huona ni dharau ("kompyuta ni yangu!"), lakini faida yake ni ya wazi: programu mbovu uliyoiruhusu kwa bahati mbaya haiwezi kuandika juu ya faili la mfumo kirahisi. Ufunguo unao, ila lazima uuzungushe kwa makusudi.

Kuna njia mbili ambazo watu huuzungusha bila kujua. Ya kwanza ni kitufe cha "Continue" kinachotokea ukifungua folda usiyo na ruhusa nayo. Wengi hudhani ni ruhusa ya kuchungulia mara moja. Soma ujumbe wenyewe: unapewa ruhusa ya kudumu. Jina la akaunti yako linaandikwa kwenye orodha ya folda hiyo na linabaki humo hata ukifunga dirisha. Ya pili ni vile vifaili vya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) vinavyosambaa mtandaoni, vya kuongeza kitufe cha kutwaa umiliki kwenye menyu ya kubofya kulia. Ni kutembea na nyundo mfukoni: siku utakayokasirishwa na folda utaitumia.

Kinachoharibika ni hiki. Ukitwaa umiliki wa C:\Program Files\WindowsApps na kubadilisha ruhusa zake, programu ulizopata kupitia Microsoft Store huweza kugoma kufunguka au kusasishika, kwa sababu mfumo unategemea ruhusa zile zile mahususi. Ukifanya hivyo kwa C:\Windows nzima, huduma zinazotumia akaunti zenye ruhusa finyu zinajikuta zimefungiwa nje. Na hakuna kitufe cha kutengua. sfc /scannow hutengeneza mafaili ya mfumo yaliyoharibika, haikuundwa kujenga upya orodha nzima ya ruhusa. Njia yenye uhakika zaidi ni kusakinisha Windows juu ya Windows: unafungua faili la ISO (picha ya diski ya kusakinishia) la toleo lile lile, unaendesha setup.exe ukiwa ndani ya Windows, unachagua kubakiza mafaili na programu.

Ikibidi kabisa kugusa kitu kimoja, gusa hicho kimoja, na uweke kumbukumbu kwanza. Tuseme folda ni C:\ProgramData\Mfano:

icacls "C:\ProgramData\Mfano" /save C:\Users\Public\ruhusa.txt /t

Kurudisha, amri hupewa folda mama, si folda yenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama:

icacls "C:\ProgramData" /restore C:\Users\Public\ruhusa.txt

Faili hilo huhifadhi ruhusa tu, si mmiliki. Kama mmiliki alikuwa TrustedInstaller, mrudishe kwa mkono:

icacls "njia ya faili" /setowner "NT SERVICE\TrustedInstaller"

Kuna mahali ambapo kuvunja kufuli ni halali kabisa: diski iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Unaichomeka kwenye nyingine, folda yako ya zamani inakunyima, kwa sababu orodha yake inamtambua mtu wa kompyuta ile, kwa namba yake ndefu, na mtu huyo hapa hayupo. Kama diski imekaa kama E:

takeown /f "E:\Users\jina" /r /d y
icacls "E:\Users\jina" /grant "%username%":F /t

Weka jina la folda halisi mahali pa "jina". Ishia kwenye folda ya mtumiaji, usiipe amri hiyo diski nzima. Ila amri hizi hufungua ruhusa tu, hazifungui usimbaji, yaani data iliyogeuzwa isisomeke bila ufunguo. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows yenyewe, itataka ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, na bila huo hakuna amri itakayokusaidia. Ukiwa na siri za kweli, hiyo ndiyo njia ya kuzilinda, si alama ya H.

Flashi iliyo "tupu"

Flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, mifumo yenye alama za kuficha lakini isiyo na orodha za ruhusa. Ina mapazia bila kufuli. Ndiyo maana System Volume Information ya kwenye flashi hiyo unaifungua bila kuulizwa, na mara nyingi utakuta vifaili viwili tu, IndexerVolumeGuid na WPSettings.dat. Ukiifuta, Windows huirudisha ukichomeka tena. Usipoteze muda nayo.

Virusi vya flashi hutumia upungufu huo huo. Kirusi huzipa folda zako zote H na S, kisha kinaweka njia za mkato zenye majina yale yale na picha ya folda. Unabofya "Kazi", unaendesha kirusi, nacho kwa ukarimu kinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Dalili: vijishale kwenye picha za folda, na flashi inayosema imejaa wakati unaona vitu vya KB chache. Usiiformati. Ikague kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, futa zile njia za mkato, kisha, flashi ikiwa F:

attrib -h -s -r F:\* /s /d

Lazima -h na -s ziende pamoja. Ukijaribu -h peke yake kwenye kitu chenye S, amri hukataa. Nafasi kati ya attrib na alama, na kati ya alama na F:, ni sehemu ya amri. Wengi huziruka wakadhani amri haifanyi kazi.

Nakala iliyosahau nusu

Ukinakili folda yako ya mtumiaji nzima nzima, vilivyofichwa huenda navyo. Ukiingia ndani na kuchagua vyote kwa Ctrl+A huku pazia limefungwa, AppData inabaki. Humo kuna alamisho na manenosiri ya Firefox (%appdata%\Mozilla\Firefox\Profiles), barua za Thunderbird, na data ya Chrome iliyo %localappdata%\Google\Chrome\User Data. Kwenye Linux kosa ni lile lile kwa sura nyingine: kinachoanza na nukta kimefichwa, na cp -r * hukiruka, kwenye Nautilus (File Explorer ya Linux nyingi) bonyeza Ctrl+H ukione. Kwenye Mac ni Command, Shift na nukta, na folda ya Library ya mtumiaji ilifichwa tangu 2011. Kufuli la Mac ni gumu kuliko la Windows: tangu toleo la El Capitan la 2015 hata akaunti ya root, yenye mamlaka yote, haiwezi kubadilisha folda ya /System mpaka ulinzi huo uzimwe kutoka kwenye mazingira ya urejeshaji.

Kwenye Windows, robocopy, amri ya kunakili iliyomo humo humo, huona nyuma ya mapazia yote mawili:

robocopy "C:\Users\jina" "D:\nakala" /E /XJ /R:1 /W:1

/XJ huiambia iruke vile viungo vinavyozunguka. /R:1 na /W:1 usiziache, maana bila hizo robocopy hujaribu tena faili lililokataa mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utadhani kompyuta imeganda.

Ukinakili diski nzima badala ya folda, kwa mfano kutoka E:\ kwenda D:\nakala, jiandae kwa kioja kimoja: robocopy ikimaliza, D:\nakala haionekani. Mzizi wa diski wenyewe hubeba alama za H na S, na robocopy imezihamishia kwenye folda yako. Nakala iko salama, imevishwa pazia tu:

attrib -h -s D:\nakala